Pampu ya Insulini: Hufanyaje Kazi, na Hutufundisha Nini

Na Mwanafunzi wa Kidato cha 5, Mchepuo wa Sayansi



Mwalimu wetu wa Biolojia aliponitaka niandike somo kwa ajili ya gazeti letu la muhula huu, aliniambia nichague jambo ninalolijua vema. Nilifikiri kwa siku mbili. Mwisho niliona kwamba jambo ninalolijua kuliko mengine yote ni ugonjwa wangu mwenyewe, maana nimekaa nao miaka saba, nao haujanipa likizo hata siku moja. Wengi wenu mmeniona nikitoka darasani kabla ya chakula, nikienda kwa matroni na kimfuko changu chekundu. Maneno yanayosemwa nyuma yangu nayajua pia. Leo nitaeleza.

Lakini sitaeleza habari zangu tu. Nitaeleza hasa juu ya chombo kiitwacho pampu ya insulini, kwa sababu mtu akielewa jinsi chombo hicho kinavyofanya kazi, ameelewa ugonjwa wenyewe na matibabu yake ya siku zote.

1. Ugonjwa wenyewe

Kisukari kina namna mbili kubwa. Namna ya pili ndiyo iliyo nyingi zaidi, na huwapata hasa watu wazima: mwili una insulini, lakini hauitii vizuri. Wagonjwa wengi wa namna hiyo hutibiwa kwa vidonge, kwa kuangalia chakula, na kwa kutembea na kufanya kazi za mwili. Namna ya kwanza, ambayo ndiyo yangu, mara nyingi huanza utotoni. Askari wa mwili, ambao kazi yao ni kupigana na vijidudu, hukosea adui wakaziharibu chembe za kongosho zinazotengeneza insulini. Basi insulini huisha, au hubaki kidogo mno.

Insulini ni kama mfunguaji wa mlango. Chakula cha wanga, kama ndizi, ugali, wali au mihogo, hugeuka sukari katika damu. Sukari hiyo haiwezi kuingia vema katika misuli isipokuwa insulini imefungua mlango. Isipokuwapo, sukari hujaa katika damu na mwili hufa njaa katikati ya shibe. Ndipo mwili unapoanza kuyeyusha mafuta yake, na mafuta hayo hutoa asidi ziitwazo ketoni, ambazo zikizidi huua.

Ugonjwa huu hauambukizi. Haukuletwa na kula pipi nyingi, wala si laana ya ukoo.

Mimi ulinianza nilipokuwa darasa la tano, kwetu Marangu. Nilikuwa na kiu isiyokatika. Nilikunywa maji kila nilipoyaona, na usiku niliamka mara nne au tano kwenda haja ndogo. Gauni la shule likanipwaya. Katika zahanati ya kwanza nilipewa dawa za malaria, nikarudi nyumbani. Siku ya tatu nilianza kutapika, nikawa nahema kama mtu aliyekimbia mlima, na mama akasema kwamba kinywa changu kinanuka kama matunda yaliyovunda. Nilibebwa mpaka hospitali. Huko walitoboa kidole changu, wakachukua tone moja la damu, na kile kipimo kikaonyesha kwamba sukari imepita hesabu yake yote. Sukari ya mtu mwenye afya kabla ya chakula huwa kama milimoli 4 hadi 6 kwa lita. Tone moja la damu, na dakika moja tu! Kama lingetolewa siku ya kwanza, nisingalifika mahali pale nimebebwa.

2. Jinsi insulini ilivyopatikana

Kabla ya mwaka 1922 mtoto mwenye ugonjwa wangu alikufa tu. Madaktari waliweza kumnyima chakula ili aongeze miezi michache, basi. Katika mwaka 1921, huko Toronto katika nchi ya Kanada, daktari Frederick Banting na mwanafunzi Charles Best walifanya kazi katika maabara ya Profesa Macleod, wakatoa dawa katika kongosho za wanyama. Mtaalamu mwingine, James Collip, akaisafisha. Mwezi wa Januari 1922 kijana wa miaka 14, jina lake Leonard Thompson, alichomwa dawa hiyo. Sindano ya kwanza haikufaa sana, lakini dawa iliposafishwa zaidi, kijana alipata nguvu. Banting alizaliwa tarehe 14 Novemba, na kwa heshima yake siku hiyo ndiyo Siku ya Kisukari Duniani.

Ila insulini haiponyi. Huchukua mahali pa ile iliyokosekana, na kesho itatakiwa tena. Shida kubwa iliyobaki tangu siku zile ni hii: itiwe mwilini namna gani, kiasi gani, na saa ngapi?

3. Mfano wa mfereji

Hapa naomba msomaji akumbuke mifereji yetu, ambayo Wachaga twaiita mifongo. Wazee wetu waliyachukua maji juu karibu na msitu, wakayaongoza kwa mteremko mpaka vihambani. Maji hutiririka kidogo kidogo usiku na mchana. Zamu ya mtu inapofika, hufungua kizuio, maji mengi yakaingia katika migomba yake; kisha hufunga. Maji yakikatika, migomba hunyauka. Yakifunguliwa yote bila kipimo, udongo huchukuliwa.

Kongosho lenye afya hufanya vivyo hivyo. Hutoa insulini kidogo kidogo saa zote, hata mtu akiwa amelala, kwa kuwa ini nalo hutoa sukari usiku. Mtu anapokula, kongosho huongeza insulini kwa kadiri ya chakula. Kuna, basi, mtiririko wa kudumu na kipimo cha chakula. Mambo hayo mawili yashikeni, maana ndiyo somo lote.

Sisi tunaotumia sindano twajaribu kuiga kazi hiyo. Mimi hujichoma insulini ya kukaa muda mrefu asubuhi na usiku, ndiyo mtiririko wangu. Na kabla ya chakula hujichoma ile ya kufanya kazi upesi. Lakini dawa ikishaingia mwilini hairudishwi. Nikijichoma kisha chakula kikachelewa jikoni, sukari yangu hushuka hata nikatetemeka.

4. Mgeni wa mjomba wangu

Mjomba wangu ni mwongoza wageni wapandao Kilimanjaro. Siku moja alirudi nyumbani kutoka mlimani, hata mzigo hajautua akaniita.

"Mpwa wangu, njoo hapa. Nimemwona mwenzako."

"Mwenzangu yupi, mjomba?"

"Mwenye sukari kama wewe. Amefika Kibo kwa miguu yake! Sindano hachomi. Ana kijimashine kiunoni, kadiri ya kiberiti kikubwa, kinampa dawa chenyewe."

Akanieleza kwamba katika kambi ya Horombo, wapata meta 3,700 juu ya bahari, mgeni yule aliificha mashine yake ndani ya nguo, karibu na ngozi. Mjomba alipouliza sababu, akajibiwa kwamba insulini ikiganda kwa baridi huharibika, na hata ikiyeyuka tena haifai kitu. Tena kila alipopanda juu alikagua mrija wake, kwa kuwa hewa ya juu ni nyepesi, na mapovu madogo yaliyomo ndani ya dawa hutanuka yakachukua mahali pake.

Usiku ule sikulala vema. Niliwaza, "Kumbe mtu wa ugonjwa wangu aweza kufika juu ya mlima ambao mimi nautazama toka chini miaka yote!" Nikaona kwamba kinachonizuia mimi ni kukosa mashine. Siku ya kliniki, mjini Moshi, nilimwuliza mwuguzi habari hizo zote, na yeye akanifundisha haya yanayofuata. Mengine nimeyasoma baadaye.

5. Pampu hufanyaje kazi

Pampu ina sehemu nne kubwa. Kwanza, kuna kichupa cha insulini ya kufanya kazi upesi, ambacho kwa kawaida huchukua yuniti 200 hadi 300. Pili, kuna mota ndogo ya betri inayosukuma dawa. Tatu, kuna mrija mwembamba ambao mwisho wake ni kijibomba laini kilichoingizwa chini ya ngozi ya tumbo au paja. Nne, kuna ubongo wa mashine, ambamo daktari na mgonjwa huandika hesabu zao.

Mashine husukuma dawa kidogo kidogo kila baada ya dakika chache. Mtiririko huo waweza kuwekwa tofauti kwa kila saa; kwa mfano, watu wengi huhitaji zaidi alfajiri. Anapotaka kula, mgonjwa hukadiria wanga uliomo katika chakula, hupima sukari ya damu, kisha hubonyeza kitufe ili apate kipimo cha chakula. Akitaka kucheza mpira au kupanda mlima, hupunguza mtiririko. Mrija na kijibomba hubadilishwa kila baada ya siku mbili au tatu, na mahali pa kuchoma huhamishwa, kusudi ngozi isifanye vinundu.

Pampu za kwanza zilikuwa kichekesho. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Mmarekani Arnold Kadish alitengeneza moja iliyobebwa mgongoni kama shanta. Mwaka 1978, John Pickup na Harry Keen na wenzao wa London walieleza jinsi pampu ndogo ya kuvaliwa inavyoweza kutia insulini chini ya ngozi mfululizo. Tangu hapo zimezidi kuwa ndogo. Mwaka 2016, huko Marekani, ilikubaliwa pampu inayounganishwa na kipimo kikaacho mwilini, ikaongeza na kupunguza mtiririko yenyewe. Hata hiyo bado humtaka mwenye nayo aeleze anachokula.

6. Faida yake kwa miaka mingi

Sukari ikikaa juu kwa miaka mingi, huharibu mishipa midogo ya macho na ya figo, na mishipa ya fahamu ya miguu. Kwa hiyo swali kubwa la matibabu ya kudumu ni hili: baada ya miaka kumi au ishirini, macho yangu yataona?

Jibu lilipatikana katika utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada, kutoka mwaka 1983 mpaka 1993, kwa watu 1,441. Kundi moja lilitibiwa kwa desturi ya wakati ule, sindano moja au mbili kwa siku. Kundi la pili lilitumia sindano tatu au zaidi, au pampu, na walipima sukari mara nne au zaidi kila siku. Katika kundi la pili, wale ambao macho yao yalikuwa mazima mwanzoni walipungukiwa na hatari ya ugonjwa wa macho kwa asilimia 76. Na hatari ya ugonjwa wa mishipa ya fahamu ilipungua kwa asilimia 60. Tazameni vizuri: kundi lile lilichanganya watu wa pampu na watu wa sindano. Walichokuwa nacho wote ni uangalifu wa kila siku.

Mwaka 2015 yalitangazwa matokeo ya Sweden, ambako watu 18,168 wenye kisukari cha namna ya kwanza walifuatiliwa. Waliotumia pampu walikufa kwa maradhi ya moyo kwa uchache kuliko wa sindano. Lakini watafiti wenyewe walionya kwamba labda sababu si mashine peke yake, kwani watu wa pampu hupata mafunzo zaidi na hupima zaidi. Kisha mwaka 2017 ukaja utafiti wa Uingereza uitwao REPOSE. Humo watu wa pampu na watu wa sindano walipewa mafunzo yale yale. Baada ya miaka miwili makundi yote mawili yalikuwa yameendelea mbele, na tofauti kati yao ilikuwa ndogo.

7. Hatari zake

Mwenye pampu hana akiba ya insulini ya muda mrefu mwilini. Mrija ukiziba, au betri ikiisha usiku, mtiririko umekatika, na kwa saa chache tu ketoni huanza kupanda. Kwa hiyo mwenye pampu hutembea na sindano zake vilevile. Tena bei yake ni maelfu ya dola, na baada ya kuinunua kuna mirija na vichupa vya kununua kila mwezi, maisha yote. Kwetu pampu ni adimu mno. Watoto wengi hutibiwa kwa sindano, na wengi hupata insulini yao kwa njia ya misaada inayopitia kliniki.

Mwuguzi aliponimalizia hayo aliniuliza, "Binti yangu, juma lililopita ulipima sukari mara ngapi?"

Niliinama. Nilikuwa nimepima mara mbili.

Akasema, "Mtu asiyepima, hata nikimpa pampu tatu, nitakuwa nimempa mfereji asiojua maji yake yaendako."

8. Kosa langu

Sasa nitasema jambo ambalo wazazi wangu walilijua kwa taabu. Nilipokuwa kidato cha pili, katika shule nyingine, wasichana wenzangu bwenini waliona sindano zangu. Mmoja akasema natumia dawa za kulevya. Mwingine akasema nina ugonjwa wa kuambukiza, akahamisha kitanda chake. Nikaona afadhali kuficha kuliko kuchekwa, nikaacha kujichoma. Nikajidanganya kwamba nikila kidogo, nitaweza.

Siku ya pili jioni nilianza kutapika. Nilikataa kusema sababu. Msichana mmoja ambaye hatukuwa marafiki sana alimkimbilia matroni, akamwambia, "Mama, yule ana sindano ndani ya sanduku lake, na hajazigusa tangu juzi." Neno hilo ndilo lililoniokoa. Nililazwa siku tano. Hakuna mashine iliyonipungukia. Insulini ilikuwamo sandukuni, nzima. Kilichokatika ni mtiririko, na aliyeukata ni mimi mwenyewe kwa ajili ya aibu.

9. Tufanyeje hapa kwetu?

Bila pampu twaweza kufuata kanuni zile zile. Mimi sasa hupima sukari kabla ya kula na kabla ya kulala, na huandika katika daftari. Nimejifunza kukadiria wanga wa vyakula vyetu: mtori, kiburu, makande ya shule. Ndizi mbivu moja ya wastani, kwa mfano, ina kama gramu 25 za wanga. Sihesabu kama mashine, lakini sibahatishi.

Insulini ambayo haijafunguliwa hukaa katika friji, kwa nyuzi 2 hadi 8, wala isigande. Iliyofunguliwa hukaa kama majuma manne mahali pasipo joto. Hapa Moshi mjini, mwezi wa Februari joto hupita nyuzi 30, na umeme hukatika. Nyumbani mama huweka chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, katikati akatia mchanga uliolowa maji, na juu akafunika kwa kitambaa kibichi. Maji yanapokauka huchukua joto, na ndani hubaki ubaridi. Wanafunzi wa Fizikia wataeleza sababu yake.

Nanyi wenzangu, haya ndiyo niyaombayo. Mkimwona mwenye kisukari anatetemeka, anatoka jasho, anasema maneno yasiyoeleweka au anakasirika bila sababu, huenda sukari yake imeshuka chini ya milimoli 4. Mpeni vijiko vidogo vitatu vya sukari katika maji, ngojeni dakika 15, apime tena. Akiwa amezirai, msimtie kitu kinywani. Mlazeni ubavu, mkaite mkubwa, apelekwe hospitali mara moja. Na mkimwona anatapika na kuhema sana, naye anakunywa maji bila kushiba, msimwache alale mpaka asubuhi.

Waalimu wetu, mwanafunzi mwenye kisukari akiomba kula kabla ya kengele au kwenda nje haraka, msidhani ni uvivu. Wazazi wetu, mtoto akianza kukojoa sana na kukonda, ombeni apimwe sukari siku ile ile, hata kama homa pia ipo.

Je, bado naitamani pampu? Naam, naitamani, na natumaini siku moja zitafika kwetu kwa wingi. Lakini sasa najua kwamba siku itakapofika itanikuta nina daftari langu mkononi, nimekwisha kuzoea kupima na kuhesabu. Kimfuko changu chekundu sasa kinakaa juu ya kabati, mahali ambapo kila mtu bwenini aweza kukiona.

Maswali ya mazoezi

1. Taja kazi mbili za kongosho zinazoigwa na pampu ya insulini.
2. Kwa nini mwenye pampu hupatwa na hatari upesi mtiririko ukikatika?
3. Utafiti wa Uingereza uliotangazwa mwaka 2017 watufundisha nini juu ya mashine na mafunzo?
4. Eleza jinsi vyungu viwili na mchanga wenye maji vinavyoweza kuhifadhi insulini.
5. Mwenzako bwenini anatetemeka na kutoka jasho. Utafanya nini kwanza, na baada ya dakika 15 utafanya nini?